Hapa ni Mji Gani?

Simu iliyo mkononi mwako inajua mahali ilipo kwa kukosea mita chache tu, lakini haijui panaitwaje. Setilaiti za GPS, zinazoizunguka dunia kwenye kimo cha kilomita zipatazo 20,200, hazitumi majina ya miji. Zinatuma saa na mahali zenyewe zilipo angani. Simu ikinasa mawimbi ya setilaiti nne au zaidi, hupiga hesabu ya muda ambao mawimbi hayo yametumia njiani, na kutokana na muda huo ikapata namba mbili, latitudo na longitudo. Kwa mtu aliyesimama Posta, Dar es Salaam, namba hizo ni kama -6.816 na 39.289. Ndani yake hamna Posta, hamna Dar es Salaam wala Tanzania.

Kuzigeuza namba hizo kuwa jina la mji ni kazi inayofanywa na programu nyingi kila sekunde: za kuita teksi na bodaboda, za hali ya hewa, za kusafirisha mizigo, hata ile inayopanga picha zako kwa kufuata mji zilikopigwa. Hesabu zake mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa kompyuta anaziweza. Ugumu uko kwenye jina. Jina la mji ni makubaliano ya watu, na watu wenyewe, yaani wenyeji, serikali, posta na wachora ramani, hawakubaliani mji unaanzia wapi na unaishia wapi. Mtengeneza programu asiyelijua hilo ataandika programu inayojibu kwa uhakika mkubwa huku ikikosea, na watakaoumia ni watu wa pembezoni: wa mpakani, wa nje kidogo ya jiji, wa miji midogo.

Tuanze na namba zenyewe, maana makosa mengi huzaliwa hapo, kabla jina halijaanza kutafutwa.

Latitudo hupimwa kutoka Ikweta: kaskazini yake namba ni chanya, kusini ni hasi. Longitudo hupimwa kutoka Greenwich, Uingereza, mstari uliokubaliwa kuwa sifuri katika mkutano uliofanyika Washington mwaka 1884. Mashariki yake ni chanya, magharibi ni hasi. Tanzania yote iko kusini ya Ikweta na mashariki ya Greenwich, kwa hiyo latitudo yoyote ya Tanzania hutanguliwa na alama ya kutoa. Kenya, Uganda na Kongo zimekatwa na Ikweta, hivyo huko alama hubadilika ndani ya nchi moja.

Alama hii ndogo hupotea kirahisi mno. Picha iliyopigwa kwa simu hubeba koodineti, yaani namba hizo mbili, ndani ya faili lake, lakini huzibeba kwa mtindo wa zamani wa digrii, dakika na sekunde, zote zikiwa namba chanya, na herufi inayosema kama ni kusini au kaskazini huwekwa peke yake sehemu nyingine ya faili. Anayesoma namba akaisahau herufi anaivusha picha upande wa pili wa Ikweta. Dar es Salaam isiyo na alama ya kutoa inaangukia Ethiopia, kwenye nyanda za juu za Bale. Dodoma inaangukia kusini-magharibi mwa nchi hiyo hiyo. Makosa hayo huonekana mara moja, kwani mwenye picha za harusi ya Dodoma akiziona zimeandikiwa mji wa Ethiopia atalalamika. Nairobi ndiyo ya kuogopwa: alama ikidondoka, inahamia Samburu, jirani na Maralal. Nchi inabaki Kenya, sarafu ile ile, majira ya saa yale yale, na ukaguzi wa kawaida wa programu unapita bila kushtuka.

Kosa jingine ni la mpangilio. Wengi wetu tumezoea kutaja latitudo kwanza, na ramani nyingi za simu hufanya hivyo. Lakini mtindo wa GeoJSON, ambao ndio unaotumika sana kubadilishana data za ramani, hutanguliza longitudo, kwa mantiki ya mwanahisabati anayeandika x kabla ya y. Ukizipindua namba za Dar es Salaam unajikuta Hispania, katika jimbo la Extremadura, si mbali na mpaka wa Ureno. Ukizipindua za Nairobi unazama baharini, katika Mediterania, kati ya Hispania na Algeria. Kwa bahati njema Tanzania ina kinga ya asili: latitudo zake zote ziko kati ya 0 na -12, na longitudo zote kati ya 29 na 41. Safu hizo mbili hazigusani popote, kwa hiyo mstari mmoja wa ukaguzi mwanzoni mwa programu unatosha kukamata namba zilizopinduliwa na namba zilizopoteza alama. Sijui kwa nini mstari huo hauandikwi kila mara. Hauna gharama yoyote.

Kuna mahali pengine ambapo programu zote mbovu hukutana, napo ni sifuri, sifuri. Simu ikishindwa kujua ilipo, na mwandishi wa programu akiwa amejaza sifuri badala ya kuacha nafasi wazi, mtumiaji anapelekwa kwenye Ghuba ya Guinea, mahali Ikweta inapokutana na mstari wa Greenwich. Wachora ramani wamepabatiza Null Island, ingawa hakuna kisiwa. Paliwekwa boya la kupimia hali ya hewa na bahari. Programu yoyote ya kutafuta miji inapaswa kuichukulia sifuri, sifuri kuwa ni kukosekana kwa jibu.

Desimali nazo zina maana yake. Digrii moja ya latitudo ni kama kilomita 111. Tarakimu ya kwanza baada ya nukta basi ni kilomita 11, ya pili ni kilomita 1.1, ya tatu mita 111, ya nne mita 11, ya tano mita moja na kitu. Simu hupenda kutoa tarakimu saba au nane, kana kwamba inajua umesimama kwenye kigae kipi cha sakafu. Kwa kutafuta jina la mji, tarakimu mbili au tatu zinatosha.

Kwa wasomaji wanaochukua koodineti kutoka kwenye hati za viwanja au ramani za wapimaji kuna tahadhari moja zaidi. GPS hutumia kielelezo cha umbo la dunia kiitwacho WGS 84. Ramani nyingi za Kenya, Uganda na Tanzania zilichorwa kwa kielelezo cha Arc 1960, tena kwa mita za mfumo wa UTM badala ya digrii. Dar es Salaam iko katika kanda ya 37 Kusini, na huko Posta husomeka kama 532,000 na 9,247,000. Ukizitia namba hizo moja kwa moja kwenye programu itazikataa, kwa kuwa latitudo haizidi 90. Ukizigeuza kuwa digrii bila kubadili kielelezo itazikubali, na mahali patakuwa pamesogea kama mita 300. Katikati ya mji hazina madhara. Mpakani zinakuvusha nchi.

Sasa jina. Njia ambayo kila mtu huifikiria kwanza ni orodha ya miji. Orodha mashuhuri ni ya GeoNames, mradi ulioanzishwa na Marc Wick wa Uswisi mwaka 2005. Inatolewa bure kwa sharti la kuutaja mradi, na imegawanywa kwa idadi ya watu: kuna faili la miji yenye watu zaidi ya 15,000, ambalo lina miji kama 25,000 ya dunia nzima, kuna la watu zaidi ya 1,000, lenye miji kama 130,000, na lipo la watu zaidi ya 500. Kila mstari wa faili ni mji mmoja, pamoja na majina yake mengine, latitudo, longitudo, msimbo wa nchi, idadi ya watu na majira ya saa. Programu inapima umbali kutoka koodineti zake hadi kila mji wa orodha, kisha inachagua ulio karibu kuliko yote.

Umbali wenyewe hupimwa kwa kanuni ya haversine, inayochukulia dunia kuwa tufe lenye nusu kipenyo cha kilomita 6,371. Wapo wanaoirukia njia ya mkato, wakachukua tofauti za digrii kana kwamba dunia ni daftari la mraba. Huku kwetu karibu na Ikweta mkato huo hauonekani kuwa na kasoro, kwa sababu digrii moja ya longitudo ina karibu urefu sawa na digrii moja ya latitudo. Lakini longitudo hubanana kadiri unavyokwenda kwenye ncha za dunia: mjini Oslo digrii moja ya longitudo ni kama kilomita 56 tu. Programu iliyojaribiwa Morogoro ikaonekana nzuri itachagua mji usio wenyewe kule Norwei. Na visiwani Fiji itaharibika kabisa, kwa sababu mstari wa digrii 180 unapita juu ya kisiwa cha Taveuni; upande mmoja longitudo ni 179.9, upande wa pili ni -179.9, na anayetoa tu namba moja kwa nyingine atadhani majirani hao wametenganishwa na dunia nzima. Dawa ni kuigeuza kila koodineti kuwa nukta yenye vipimo vitatu juu ya tufe na kupima umbali huko. Hapo Fiji na Oslo hupona pamoja.

Kupima umbali hadi miji 130,000 kwa kila swali ni upotevu wa nguvu, hasa kama una picha nyingi za kupanga. Mwaka 1975 Jon Bentley alichapisha muundo wa data uitwao mti wa k-d, ambao hugawa nukta katika nusu mbili kwa kipimo kimoja, kisha kila nusu kwa kipimo kinachofuata, na kuendelea hivyo hadi chini. Mgeni anayetafuta nyumba hagongi kila mlango wa mkoa. Anauliza wilaya, akifika anauliza kata, kisha mtaa. Mti wa k-d unafanya hivyo, na kwa miji 130,000 hatua za kushuka ni kama 17, zikiongezwa marejeo machache ya kuhakikisha kwamba upande wa pili hakuna aliye karibu zaidi. Maktaba ya lugha ya kompyuta ya Python iitwayo reverse_geocoder imejengwa hivyo, na hufanya kazi bila intaneti.

Hadi hapa mambo ni mepesi, na vitabu vingi huishia hapa. Lakini nenda Kibamba.

Kibamba ni kata ya Manispaa ya Ubungo, mkoa wa Dar es Salaam, pembezoni mwa Barabara ya Morogoro. Ukiwa pale, Kibaha, makao makuu ya Mkoa wa Pwani, iko karibu kuliko Posta. Programu ya mji ulio karibu, ikiwa na orodha yenye Kibaha na Dar es Salaam, itasema uko Kibaha, Pwani. Itakosea mji, mkoa na wilaya kwa pigo moja. Kosa haliko kwenye kanuni ya haversine wala kwenye mti wa Bentley. Orodha imelikunja jiji lote likawa nukta moja, na mkoa uliohesabiwa kuwa na watu 5,383,728 katika sensa ya 2022 hauwezi kukaa kwenye nukta. Mji mkubwa huumia daima kwa njia hii, maana viunga vyake viko mbali na nukta yake, na mji mdogo wa jirani unavichukua bila kuvistahili.

Nenda pia Gisenyi, kaskazini-magharibi mwa Rwanda, mji uliogusana na Goma ya Kongo. Nukta za miji hiyo miwili zimeachana kama kilomita 4 na mpaka unapita kati ya nyumba. Kinachoamua jibu hapo ni mahali ambapo mwandishi wa orodha alichomeka nukta ya Goma na ile ya Gisenyi, jambo lisilohusiana kabisa na mpaka. Mtu anayelala Rwanda, anayelipa kodi Rwanda, anaweza kuandikwa kuwa yuko Kongo, akaonyeshwa bei kwa faranga isiyo yake, au akanyimwa huduma kwa kuwa haipatikani katika nchi hiyo.

Na njia hii haijui kusema hapana. Iulize kuhusu nukta iliyo katikati ya Ziwa Victoria, au baharini kati ya Mafia na Komoro, itakutajia mji. Daima kuna mji ulio karibu kuliko mingine, hata kama uko kilomita 400. Kila programu ya aina hii inahitaji kikomo, na mtengenezaji akiweka kikomo analazimika kukubali jibu jingine, yaani hakuna mji hapa. Wengi hawapendi kumwonyesha mtumiaji jibu hilo. Mimi naliona ni jibu la heshima. Mvuvi aliye ziwani hayuko Musoma.

Njia ya pili ni mipaka. Badala ya nukta, mji unapewa umbo, poligoni yenye pembe mamia au maelfu, na swali linakuwa: koodineti hizi ziko ndani ya umbo lipi? Kanuni yake naipenda kwa ufupi wake. Chora mstari kutoka kwenye nukta yako kuelekea upande wowote hadi mbali, uhesabu ni mara ngapi umeukata mpaka. Ukiukata mara witiri, uko ndani. Ukiukata mara shufwa, au hukuukata kabisa, uko nje. Haijalishi mpaka umejikunja vipi. Kwa mkoa kama Pwani, ulio na bara na kisiwa cha Mafia, maumbo yanakuwa zaidi ya moja chini ya jina moja, na kanuni ni ile ile.

Mipaka hupatikana. Ramani huru ya OpenStreetMap inayo, imepangwa kwa ngazi kutoka nchi hadi kata. Zipo pia hazina kama GADM na Natural Earth. Angalia tu skeli ya ramani zao: mistari ya Natural Earth imerahisishwa kwa ajili ya ramani za dunia, hivyo kona nyingi za mpaka zimenyooshwa. Kwa ramani ya ukutani ni nzuri sana. Kwa mpaka wa Goma na Gisenyi haifai.

Ungedhani mipaka imemaliza ubishi. Imeuhamisha tu, kutoka kwenye hesabu kwenda kwenye sheria. Februari 2021 Rais John Magufuli aliivunja Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam iliyokuwa juu ya manispaa zote, na Manispaa ya Ilala ikapandishwa kuwa Jiji la Dar es Salaam. Tangu siku hiyo, kwa mpaka wa halmashauri, aliye Mikocheni yuko Manispaa ya Kinondoni na aliye Mbagala yuko Manispaa ya Temeke. Programu inayofuata poligoni ya jiji kwa uaminifu itamwambia mkazi wa Mikocheni kwamba hayuko Dar es Salaam. Hakuna mtu wa Mikocheni atakayekubali, na hakuna sababu ya kumtaka akubali. Kwa anayekusanya ushuru wa huduma, jibu la Kinondoni ndilo sahihi. Kwa anayetangaza hali ya hewa, jibu sahihi ni Dar es Salaam, na la Kinondoni ni usumbufu.

Nairobi ina kisa hicho hicho kikiwa kimegeuzwa. Huko jiji na kaunti ni eneo moja, mpaka uko wazi, lakini maisha yameuruka. Ongata Rongai iko Kaunti ya Kajiado, Syokimau iko Machakos, Ruaka iko Kiambu. Wakazi wake huamka alfajiri kwenda kazini Nairobi, na wakiwa safarini nje ya nchi wakiulizwa wanakotoka husema Nairobi. Lakini leseni ya duka la Rongai hutolewa na Kajiado, na kura hupigwa huko. Mwulize mtu wa Rongai kama anaishi Nairobi, na jibu litategemea ni nani anayeuliza.

Hata neno jiji lina tarehe zake. Dodoma ilitangazwa kuwa jiji Aprili 2018. Nakuru ilipewa hadhi hiyo Desemba 2021, Eldoret Agosti 2024. Faili la miji ulilopakua miaka michache iliyopita halijui hayo yote, na kama programu yako inachuja kwa kuangalia hadhi, Eldoret itaachwa nje huku ikiwa mji mkubwa unaojulikana na kila mpenda riadha.

Wapo wanaojaribu kuokoa njia ya nukta kwa kuupa uzito mji wenye watu wengi, kwa mfano kugawa umbali kwa kipeuo cha pili cha idadi ya watu. Kibamba inarudi Dar es Salaam kweli, lakini Rongai nayo inamezwa na Nairobi, na Gisenyi inazidi kusukumwa Goma kwa sababu Goma ni kubwa zaidi. Dawa hiyo siipendi. Inaponya kidonda kimoja kwa kufungua vingine viwili, na hakuna anayeweza kumweleza mtumiaji kwa nini amepewa jibu alilopewa.

Ninachokishauri ni kuzioanisha njia mbili kwa mpangilio maalumu. Tumia mipaka kwanza kujua nchi, kisha mkoa au kaunti. Ngazi hizo ni imara, hazibadiliki kila mwaka, na watu hawazibishii. Ukishajua nchi na mkoa, tafuta mji ulio karibu miongoni mwa miji ya mkoa huo tu, ukiwa na kikomo cha umbali. Kibamba itapita kwenye mkoa wa Dar es Salaam na kuipata Dar es Salaam. Mtu wa Gisenyi atabaki Rwanda. Mtu wa Rongai atapewa Ongata Rongai, Kajiado, jina ambalo hatalibishia hata kama mwenyewe angesema Nairobi. Mvuvi ataambiwa hakuna mji hapo. Faili la mipaka na la miji kwa Afrika Mashariki nzima yanaingia kwenye simu bila shida, na majibu hutoka hata pasipo mtandao, jambo la maana sana kwa msafiri aliye katikati ya Tabora na Mpanda.

Wengi hawataki kubeba mafaili, na kwa programu ndogo nawaelewa. Huduma za mtandaoni zipo. Android ina chombo chake kiitwacho Geocoder, Apple ina chake, Google inauza huduma yake kwa watengenezaji, na OpenStreetMap ina Nominatim. Kila moja ina tabia yake ya kuijua kabla ya kuitegemea. Geocoder ya Android haifanyi kazi kwenye kila simu, kwani inategemea huduma ya nyuma ambayo baadhi ya simu hazina. Na hata ikijibu, sehemu ya mji katika anwani inaweza kurudi tupu, hasa vijijini. Programu isiyojiandaa kwa utupu huo huanguka mikononi mwa mtumiaji wa kijijini, ilhali kwa aliyeiandika akiwa mjini haijawahi kuanguka. Nominatim ni bure, lakini seva yake ya umma inaruhusu swali moja tu kwa sekunde, inataka programu ijitambulishe, na inataka OpenStreetMap itajwe. Unapoiuliza unaweza kuiambia unataka undani wa kiasi gani, kwa kipimo cha ukuzaji: 10 kwa jiji, 18 kwa jengo. Jambo lisilojulikana sana ni kwamba hurudisha anwani ya kitu kilicho karibu na koodineti zako katika hazina yake, nyumba au barabara, na kitu hicho kinaweza kuwa upande wa pili wa mpaka wa kata. Jina la mji nalo huwekwa katika sehemu tofauti kulingana na ukubwa wake, mara jiji, mara mji, mara kijiji. Anayesoma sehemu ya jiji peke yake atakuta miji midogo yote ya nchi yake haina jina.

Na kuna suala la siri. Kila unapoiuliza huduma ya mbali, unaikabidhi seva ya mtu mwingine mahali mteja wako alipo na saa aliyokuwa hapo. Tarakimu saba za desimali zinaonyesha kitanda cha mtu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na zote zinamtaka anayekusanya taarifa za mtu akusanye zile tu anazozihitaji. Kwa jina la mji unahitaji tarakimu mbili au tatu. Zikate kabla hazijatoka kwenye simu. Utafaidika pia kwa upande mwingine, maana maswali yaliyokatwa hufanana, na jibu lililohifadhiwa jana litatumika tena leo bila kuuliza upya.

Nimeacha mwisho lile ninalolijali kuliko yote: majina yenyewe yanatoka wapi. Rwanda ilipopanga upya utawala wake mwaka 2006, Ruhengeri ikawa Musanze, Butare ikawa Huye, na wilaya yenye mji wa Gisenyi ikaitwa Rubavu. Orodha za dunia zina majina ya zamani na mapya yamechanganyika, na programu huonyesha lolote lililokaa kwenye safu ya kwanza. Mtu wa Musanze anayeonyeshwa Ruhengeri hadhani orodha imechakaa. Anadhani aliyeandika programu hamjui.

Majina husahihishwa na watu. OpenStreetMap, iliyoanzishwa na Steve Coast nchini Uingereza mwaka 2004, huhaririwa na yeyote aliyejiandikisha. Mwaka 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, walianza kukichora kitongoji chao, ambacho kwenye ramani nyingi kilikuwa eneo tupu, katika mradi wa Map Kibera. Mwaka 2015 Dar es Salaam ilianza Ramani Huria, ambapo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi walitembea mitaa inayokumbwa na mafuriko pamoja na wenyeji, wakiandika mifereji, njia na majina kama yanavyotajwa na wanaoishi pale. Mwaka 2022 Tanzania iliendesha Operesheni Anwani za Makazi, iliyobandika namba kwenye nyumba na majina kwenye barabara nchi nzima. Programu yoyote inayokuambia leo jina la mtaa wa Tandale inalijua kwa sababu kuna mtu alilipeleka kwenye ramani kwa miguu.

Kwa hiyo, wewe unayetengeneza programu hizi, kabla hujazitoa kwa watu zijaribu kwa koodineti za Kibamba, Rongai, Gisenyi na katikati ya Ziwa Victoria, pamoja na sifuri, sifuri. Na wewe ambaye huandiki programu, fungua OpenStreetMap, tafuta mtaa wako, uangalie umeandikwaje. Ukikuta jina limekosewa au halipo, jiandikishe uliandike. Ni bure.